Kabla Anko Hajapandisha Orofa

Wasee, wiki mbili sijaposti na najua mmeona. Simu haikuibiwa na wala sikuwa nimechoka na nyinyi. Nilikuwa Dandora kwa nyumba ya shosh, nikibishana na anko kuhusu ngazi ambayo bado haijajengwa.

Stori iko hivi. Shosh alituachia nyumba ya vyumba vinne, choo na bafu nyuma, bati juu, kaua kadogo katikati. Aliaga 2019. Mathe ndiye anaishi hapo, yeye na wapangaji wawili kwenye vyumba vya mbele. Mimi nilihama 2022, nikapanga bedsita kule Kasarani kwa 9,500 kwa mwezi kwa sababu huwezi kurekodi video kama jirani anachapa chuma kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Sasa anko amekuja na wazo. Tutoe bati, tumwage slabu, tupandishe bedsita tatu juu. Kila moja itakodishwa elfu saba. Fundi wake amepiga hesabu ya milioni moja na nusu. Mathe achukue mkopo wa sakko wa milioni 1.2. Na hizo laki tatu zimebaki?

Hapo ndipo jina langu likatajwa. Niko na laki tatu, na nyinyi mnajua zilikotoka, ni pesa za matangazo za miaka miwili. Nilikuwa nazitengea kamera na kompyuta ambayo haizimi nikianza kuhariri.

"Nyumba ni kitu inabaki," anko akaniambia. "Hiyo kamera itaanguka siku moja, na itakuwa imeisha."

Mathe hakusema kitu. Alikuwa anachambua dengu, na mathe akichambua dengu bila kuongea jua ameshaamua ila hataki kuwa wa kwanza kusema.

Sikuwa na jibu. Nikafanya kile mimi hufanya nikikosa jibu, nikaenda kusoma historia. Msicheke. Swali la kama kuongeza chumba kunalipa ama ni kujichimbia shimo, watu wa hii Nairobi wamelijibu kwa miaka mia moja, na majibu yao bado yamesimama mtaani. Mengine yameanguka.

Nianze na Dandora yenyewe, kwa sababu kuna kitu sikuwa najua, na nimezaliwa hapo.

Mwaka 1975 serikali ya Kenya na Benki ya Dunia zilikubaliana kuhusu mradi wa ploti 6,000 upande wa mashariki wa jiji, baraza la jiji likisimamia. Hawakujenga nyumba. Walichofanya ni kukata ploti za kama mita mraba 100 hadi 160, wakachora barabara, wakaleta maji na laini ya maji taka, halafu kwa ploti nyingi wakasimamisha kitu kimoja tu: choo na bafu. Basi. Ulipewa choo katikati ya uwanja mtupu ukaambiwa haya, jenga. Kulikuwa na mkopo mdogo wa vifaa, na ramani ulizotakiwa kufuata, lakini kuta zilikuwa jukumu lako.

Fikiria hiyo picha. Maelfu ya vyoo vimesimama kwenye nyasi kule Dandora, kila kimoja kinasubiri nyumba. Leo watu wanabishana kama nyumba iongezwe chumba, na mtaa wetu wote ulianza kama choo kilichoongezwa vyumba.

Na sababu ya kufanya hivyo ilikuwa hesabu. Nyumba za serikali za wakati huo zilikuwa zinaitwa za watu wa chini lakini zikimalizika unakuta mwenye kuingia ni karani, kwa sababu mtu wa chini hangeweza kulipa. Wapangaji wa mradi wakasema, kama huyu mama hawezi kununua nyumba nzima, si anaweza kununua kipande, aongeze kingine akipata? Na wakaenda mbele zaidi. Walijua mwenye ploti atakodisha chumba kimoja ama viwili, na waliihesabu hiyo kodi kama njia yake ya kulipa deni. Mpangaji alikuwa ndani ya mpango kabla hata ya ukuta.

Shosh wangu aliingia hapo akitoka Mathare, jina lake likiwa limechaguliwa kwa kura. Hiyo stori ya kura alikuwa anaisimulia kila Krisimasi, na kila mwaka ile foleni ilikuwa inazidi kuwa ndefu. Kile alikuwa anasema haraka haraka, kama si kitu, ndicho mimi sasa naona kilikuwa muhimu. Vyumba vya kwanza alivyojenga havikuwa vyake. Alijenga viwili vya mbele, akakodisha vyote, halafu yeye na watoto watano wakalala kwenye kibanda cha mbao na karatasi pale nyuma kwa karibu miaka miwili. Kodi ilikuwa inalipa baraza la jiji na karo. Chumba chake alikijenga cha tatu.

Na hakujenga peke yake. Dandora ya wakati huo ilikuwa na vikundi vya ujenzi, watu wanachanga kila mwezi na kila zamu wanasimamisha chumba cha mmoja wao. Chama tu, ila badala ya kugawana sufuria mnagawana kuta. Wanawake walikuwa wengi humo. Shosh alisema alijifunza kuchanganya simiti na mchanga kabla ajifunze kuandika jina lake vizuri.

Kwa hivyo anko akisema, "Hata mama alijenga vya kukodisha, mbona sisi tusijenge?" anasema ukweli. Shosh aliongeza na ikamlipa. Watoto watano walisoma.

Lakini angalia alilipa nini. Ardhi ilikuwa ya bei ya mradi. Choo, maji na laini ya maji taka vilikuwa tayari. Alijenga chini, kwa msingi mpya, chumba kimoja kimoja, na kama pesa ingeisha angesimama pale alipofika bila mtu kuumia. Chumba nusu kilichojengwa chini ni ukuta tu. Orofa nusu ni slabu iliyo wazi juu ya kichwa cha mathe wangu mvua ya Aprili ikiingia, na deni la sakko linasoma kila mwisho wa mwezi kama kawaida.

Hapo nikarudi nyuma zaidi, hadi Pumwani.

Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 na serikali ya kikoloni, kama mahali Waafrika wa Nairobi wangejenga nyumba zao kihalali. Manispaa ilitoa viwanja, wenyewe wakajenga. Nyumba ya mtindo wa Kiswahili kama ya Pwani, korido katikati, vyumba huku na huku, kuta za udongo na fito, na juu mara nyingi madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Mwenye nyumba analala chumba kimoja, vingine anakodisha. Kati ya wenye nyumba kulikuwa na wanawake wengi waliokuja mjini peke yao, na kuna wale walijenga na pesa za kazi ambazo mpaka leo watu wakizitaja wanashusha sauti. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima kuwahusu, kikatoka 1990, na ukikisoma unaona hawa mama walikuwa wafanyabiashara wa nyumba kabla neno landilodi lizoeleke Eastlands.

Sasa kitu ambacho kilinisimamisha. Nyumba ilikuwa yako lakini ardhi haikuwa. Kiwanja kilibaki cha manispaa, unalipia, na serikali ikibadilisha mawazo unaondoka. Na walikuwa wameshaona mfano. Kijiji cha Pangani, kilichokuwa cha zamani kuliko Pumwani, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wakasukumwa kwenda Shauri Moyo. Basi ukiwa mama wa Pumwani na umeweka akiba, unaongeza chumba ama huongezi? Nadhani ndiyo maana ya yale madebe. Watu husema walijenga vibaya kwa sababu walikuwa maskini, lakini wengine hawakuwa maskini kihivyo. Walikuwa wanajua kuweka mawe juu ya ardhi ya mwenyewe ni kumwachia zawadi. Udongo na debe vinarudisha pesa yake mapema kwa kodi. Baada ya hapo hata wakibomoa, umekula.

Nikiwa hapo kwa Pumwani nikauliza mathe swali ambalo sijui kwa nini hakuna mtu alikuwa ameuliza.

"Mum, barua ya ploti iko kwa jina la nani?"

Akanyamaza. "La cucu wako."

La shosh. Aliyeaga 2019. Hakuna mtu amewahi kwenda kortini kufungua kesi ya urithi. Kwa sheria ya Kenya, ile Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika 1981, mali ya marehemu haiguswi kabla ya korti kumpa mtu ruhusa ya kuisimamia. Ni kosa kabisa, lina jina lake na kifungu chake. Na watoto wa kike na wa kiume wana haki sawa, kwa hivyo hiyo ploti ni ya watoto wa shosh wote walio hai. Wako wanne. Mmoja yuko Nakuru na hajui tunapanga kutoa bati.

Hebu weka hiyo pamoja. Mkopo ni wa mathe peke yake. Wadhamini ni marafiki wa mathe kanisani. Laki tatu ni zangu. Ghorofa ikisimama ni ya watu wanne. Simaanishi anko ana nia mbaya, tafadhali, ananisomanga hapa na ananipenda. Naamini hakuwa amefikiria. Lakini mama wa Pumwani wa 1930 angefikiria kabla amalize chai.

Acha sasa niseme kuhusu kupanda juu, kwa sababu hii ndiyo sehemu kila mtu wa Eastlands ameiona na macho yake.

Mradi wa Dandora ulikuwa wa nyumba za chini. Umoja pia ilianza hivyo. Hata jina Innercore, tunalitaja kila siku kwa matatu, lina hilo neno la wapangaji wa miji, yaani kiini, kipande cha kuanzia ambacho utaongezea mwenyewe. Waliongezea, wee! Nenda Innercore leo utafute hiyo nyumba ndogo ya kwanza. Ni ghorofa bega kwa bega, hadi orofa saba na nane, nguo zimeanikwa zikigusana na za jengo la pili. Buruburu nako ilijengwa kati ya 1973 na mwanzo wa miaka ya 80, nyumba karibu 5,000 za watu wenye mishahara mizuri, kila moja na kabustani kake mbele. Bustani ngapi zimebaki? Kwingi pamekuwa duka la M-Pesa, kinyozi, ama vyumba vya kukodisha. Sioni kama ni aibu. Miaka ya 80 ikielekea 90 serikali iliacha kujenga nyumba za kutosha, masharti ya wakopeshaji yakabana, watu wakaendelea kuja mjini, na hawa watu walilala wapi? Walilala kwenye vyumba vilivyoongezwa na watu kama shosh na jirani yake. Jiji hili lilikosa nyumba, wenye ploti wakalitoa kwenye aibu na ngazi za nje.

Shida ni kwamba laini ya maji taka iliyowekwa kwa ajili ya familia moja na wapangaji wawili sasa inabeba vyumba arobaini. Mnajua ile harufu. Si watu wa Dandora ni wachafu. Ni bomba la miaka ya 70 linafanya kazi ya ghorofa.

Na shida ya pili ni msingi.

Tarehe 29 Aprili 2016, usiku, mvua kubwa, jengo la orofa sita lilianguka Huruma karibu na mto. Watu zaidi ya arobaini walikufa. Nilikuwa shule ya msingi na nakumbuka tukiwa tumezunguka redio ya jirani wakitangaza mtoto mchanga ametolewa kwenye kifusi akiwa hai baada ya zaidi ya siku tatu. Tulipiga makofi. Hakuna mtu mzima alipiga makofi, na nilishangaa kwa nini. Sasa nimeelewa, kila mtu mzima pale alikuwa anaangalia juu kwa dari yake.

Basi nikamwambia anko, kabla ya kitu chochote, tuite injinia. Si fundi, injinia mwenye cheti. Anko akasema hiyo ni kutupa pesa, fundi wake amejenga Kayole yote. Nikalipa mwenyewe, elfu kumi na tano kutoka zile laki tatu. Alikuja Jumamosi na vijana wawili, wakachimba shimo kando ya ukuta wa mbele hadi wakafika chini ya msingi. Injinia akashuka na viatu vyake vizuri, akapima na futi, akagonga na nyundo, akapanda.

Msingi wa shosh, ule alimwaga na kikundi chake, ni mzuri. Alisema hivyo, "Hii kazi ni safi." Hakuna chuma lakini, na upana wake ni wa kubeba ukuta mmoja na bati. Chini yake ni ule udongo mweusi wa pamba wa Eastlands, ambao ukinyeshewa unafura na ukikauka unapasuka. Kupandisha slabu na orofa juu ya hapo, alisema, inabidi uchimbe nguzo mpya kando ya kuta za zamani, zishuke hadi chini kwa mwamba, na slabu ikae kwa nguzo, isiguse ukuta wa shosh kabisa. Ni kama kujenga nyumba mpya inayosimama juu ya ile ya zamani. Ongeza kama laki nne. Na hapo bado ramani ipitishwe na kaunti na mradi usajiliwe na NCA.

Usiku huo nikafungua daftari. Nawawekea hesabu hapa kwa sababu najua wengi wenu mko na anko.

Mkopo wa milioni 1.2 kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi kwenye deni linalopungua, miaka mitano, ni kama 26,700 kila mwezi. Ukimaliza umelipa kama milioni 1.6. Weka laki tatu zangu, ni milioni 1.9. Bedsita tatu kwa elfu saba ni 21,000, lakini hakuna nyumba hujaa miezi yote, na kuna yule wa kuhama usiku. Toa sehemu moja ya kumi, inabaki 18,900. Kwa hivyo kila mwezi kwa miaka mitano kuna pengo la karibu elfu nane ambalo mathe atatoa mfukoni, na mathe anauza nguo za mtumba. Pesa zote zinarudi baada ya miaka minane na zaidi. Weka zile laki nne za nguzo, ni zaidi ya kumi. Na hiyo ni kama paa halivuji, bomba halizibi, na watoto wanne wa shosh wanakubaliana kwamba kodi yote iende kwa mathe. Watu wanne wakubaliane!

Nikampelekea mathe hilo daftari asubuhi. Akasoma pole pole, na kidole. Akafika mahali nimeandika "bedsita tatu × 7,000" akasimama.

"Hapa umekosea," akasema.

"Wapi?"

"Si tatu. Ni mbili. Hiyo ya tatu haikuwa ya kukodisha."

Mimi nimeitwa kwa jina la shosh, kwa hivyo mathe huniita mami, kana kwamba mimi ndiye mamake. Akasema, "Mami, ya tatu ilikuwa yako. Ile ya kona, iko mbali na yule wa vyuma. Nilimuuliza fundi kama anaweza kuweka ukuta mnene ndiyo uongee na simu yako bila kelele."

Wiki nzima nilikuwa nimefikiria ni anko anataka pesa na mathe anataka kodi.

Na hapa kuna historia nyingine ambayo nilikuwa nimeisoma na kuiruka, nikidhani haituhusu. Lamu. Kwenye mji wa kale wa Lamu nyumba ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haifiki mbali, kwa hivyo vyumba ni vyembamba na virefu, kama mita tatu kasoro kwa upana, na kuta ni nene ajabu. Binti wa familia ya wenye nyumba akiolewa, desturi ilikuwa apewe nyumba. Mahali pa kujenga hakuna, mji umebanana, kichochoro kinapitisha punda mmoja. Basi wanajenga juu, orofa juu ya orofa ya wazazi. Ama wakiwa na nyumba ng'ambo ya kichochoro, wanaunganisha nyumba mbili kwa chumba kinachopita juu ya njia. Kinaitwa wikio. Ukitembea Lamu unapita chini yake, kuna giza kidogo na ubaridi, halafu jua tena. Juu ya kichwa chako mama alikuwa anavuka kwenda kwa binti yake bila kushuka barabarani.

Ukiuliza wikio lililipa baada ya miaka mingapi, swali halina maana. Hakuna mtu alikodisha wikio. Lakini pia msidhani watu wa Lamu walijenga kwa mapenzi matupu. Zile kuta nene zingeweza kubeba orofa nyingine. Nyumba ilikuwa na mwenyewe anayejulikana, na ilipita kwa binti watu wakijua. Yale mambo mawili ambayo sisi hatuna, wao walianza nayo. (Na leo wala usijaribu kuiga. Mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kabla uguse ukuta kuna watu wa makavazi watataka kuongea na wewe.)

Nikarudi kwa daftari nikafuta. Bedsita mbili, 14,000, toa sehemu ya kumi, 12,600. Ongeza 9,500 ninazolipa Kasarani ambazo ningeacha kulipa. Ni 22,100. Mathe alikuwa sawa, kwa karatasi chumba changu kinaleta zaidi kuliko mpangaji, na mimi sihami usiku. Nilimwonyesha akacheka. Lakini nguzo bado ni laki nne, barua bado ni ya marehemu, na udongo mweusi hausomi daftari.

Tulimpigia anko Jumapili, na yule wa Nakuru, na wa nne, wote kwa simu moja. Ilikuwa saa moja na nusu ya kelele. Sitaandika yote, mengine ni ya kifamilia. Anko alisema mimi nimesoma sana mpaka nimekuwa mwoga. Labda. Aliniuliza pia kama shosh angesubiri injinia, tungezaliwa wapi, na hilo bado sina jibu lake, kwa sababu ni kweli shosh hakusubiri mtu. Anti wa Nakuru ndiye alimaliza maneno. Alisema yeye hataki kodi, anataka tu jina la mama yake litoke kwa hiyo karatasi kwa njia nzuri, siyo kwa vita. Wiki ijayo wanaenda kortini wote wanne kufungua faili. Nimeambiwa inaweza kuchukua mwaka ama zaidi. Orofa imewekwa kando hadi hiyo faili itoke. Mkopo haujachukuliwa. Kuanzia siku hiyo anko amejibu jumbe zangu kwa kidole gumba tu.

Ila tunaongeza chumba kimoja. Chini, nyuma, pale kibanda cha shosh kilikuwa. Sakafu ya simiti, mbao, bati pande zote, ndani tunabandika mbao laini na yale maboksi ya mayai ya kuzuia sauti. Fundi amesema laki moja na elfu ishirini. Tukibishana siku moja kuhusu urithi, kinafunguliwa misumari na kubebwa kwa mkokoteni, kama vile mama wa Pumwani angefanya. Hata hicho tumeambiwa kinataka ruhusa ya kaunti, na mathe ndiye anafuatilia, kwa sababu mimi nikiingia ofisi huwa natumwa dirisha lingine.

Kamera itangoja. Kompyuta nimenunua ile ya mtumba.

Lile shimo la injinia bado halijafunikwa. Ilinyesha Jumanne likajaa maji, na watoto wa mpangaji wanatupa mawe ndani wakihesabu. Jana mbao zilifika. Mlango utaletwa Alhamisi, ama hivyo ndivyo fundi alisema. Pazia la mlango mathe ameshanunua, la rangi ya kijani, na amelitundika kwa kamba pale ukuta utakuwa.